Kutoka Mle hadi Huko: Usomaji wa Kiisimu wa Shairi la Anne Bradstreet kuhusu Kuungua kwa Nyumba Yake

1.0 Utangulizi



Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini mhadhara wa taaluma za Kiswahili uhusu shairi la Kiingereza lililotungwa Marekani katika karne ya 17, tena na mwanamke wa madhehebu ya Wapuritani ambaye hakupata kuisikia lugha yetu. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba lugha hupimwa si kwa yale tu inayoyasema kuhusu wenyewe, bali pia kwa yale inayoweza kuyaona katika maandishi ya wengine. Tumezoea kuyatumia maarifa ya Kiingereza kuichambua fasihi ya Kiswahili. Leo tutaigeuza darubini.

Shairi lenyewe ni la Anne Bradstreet, na linahusu kuungua kwa nyumba yake usiku wa tarehe 10 Julai 1666. Kwa muda mrefu wahakiki wamebishana juu ya jambo moja: je, mtunzi huyu amefarijika kweli kwa imani yake, au faraja anayoitaja ni wajibu tu wa dini, huku moyo wake ukibaki kwenye majivu? Katika mhadhara huu tunakusudia kuonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili, hususan vionyeshi vya mahali, viambishi vya nafsi na ukanushi, inamlazimisha mfasiri kuamua mambo ambayo Kiingereza kinaruhusu yabaki yamefunikwa. Katika kuamua huko, jibu la swali hilo huanza kuonekana.

2.0 Mtunzi na zama zake

Anne Dudley alizaliwa Uingereza yapata mwaka 1612. Baba yake, Thomas Dudley, alikuwa msimamizi wa mali za mwinyi mmoja mkubwa, Earl wa Lincoln, na kwa sababu hiyo binti alikulia mahali penye vitabu. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi aliolewa na Simon Bradstreet. Mwaka 1630 mume, mke na wazazi walipanda jahazi lililoitwa Arbella, wakavuka Atlantiki pamoja na Wapuritani walioliona Kanisa la Uingereza limekengeuka. Waliteremka Salem, Massachusetts. Baada ya hapo familia ilihama zaidi ya mara moja, hadi katika miaka ya 1640 ilipotua Andover, mahali ambapo leo panaitwa North Andover. Bradstreet alizaa watoto wanane, na mumewe alikuwa akisafiri mara kwa mara kwa shughuli za utawala wa koloni.

Mkusanyo wa mashairi yake, uliopelekwa London na shemeji yake, John Woodbridge, ulichapishwa huko mwaka 1650. Bradstreet alifariki mwaka 1672, na toleo lililosahihishwa likatoka Boston mwaka 1678. Shairi la kuungua kwa nyumba halimo katika matoleo hayo yote mawili. Lilihifadhiwa katika daftari la familia kwa nakala iliyoandikwa na mwanawe Simon, ambaye anaeleza katika anwani kwamba amelinakili kutoka karatasi moja iliyokuwa peke yake. Lilichapishwa kwa mara ya kwanza katika toleo la John Harvard Ellis la mwaka 1867, yaani zaidi ya miaka 200 baada ya moto wenyewe. Ikumbukwe, basi, kwamba hili ni shairi la nyumbani. Halikuandikiwa mhakiki wala mchapishaji. Wanafunzi wa utenzi wa Mwana Kupona wanaijua vizuri hali hii ya mama anayewaandikia walio wake, na maandishi yake yakatunzwa na jamaa kabla ya kuwafikia wasomi.

3.0 Umbo: silabi nane za aina mbili

Shairi lina mishororo 54 inayokwenda kwa jozi, kila jozi na kina chake. Kila mshororo una silabi 8. Msomaji wa Kiswahili akihesabu mara hukumbuka utenzi, maana kipande cha utenzi nacho kina mizani 8. Je, basi, tulifasiri shairi hili kwa bahari ya utenzi?

Kufanana huku kunahitaji tahadhari. Katika Kiingereza kinachohesabiwa kwanza ni mkazo: silabi isiyo na mkazo hufuatwa na yenye mkazo, mara nne. Kwa hiyo mshororo huishia kwenye silabi nzito, na kina hugonga hapo hapo. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina hukaa kwenye silabi ya mwisho, ambayo ni nyepesi. Matokeo yake ni kwamba mshororo wa Bradstreet hufunga kama mlango unaopigwa komeo, na kipande cha utenzi hutua polepole. Aidha, utenzi una vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachopita katika beti zote, kikiunganisha ubeti na ubeti. Jozi za Bradstreet hazina uzi huo. Kila jozi inasimama peke yake, kama mtu anayejikaza aseme jambo moja, anyamaze, kisha aanze jingine. Mfasiri anayechagua utenzi anapata mizani, lakini anaongeza mshikamano ambao mwenye shairi hakuwa nao. Nionavyo mimi, ni heri kuacha kina cha bahari kuliko kumpa mfiwa utulivu asioudai.

4.0 Mahali patatu

Tuingie sasa katika kiini cha hoja yetu. Tuanze na sentensi tatu ambazo kila mmoja wetu anazielewa bila kufundishwa:

(1) Mgeni yumo nyumbani.
(2) Mgeni yupo nyumbani.
(3) Mgeni yuko nyumbani.

Neno "nyumbani" ni lile lile, lakini mahali ni patatu. Katika (1) tunamwona mgeni ndani, kuta zikiwa zimemzunguka. Katika (2) tunapajua mahali penyewe hasa. Katika (3) tunaelekeza upande tu, pengine ni mbali, pengine hatupaoni. Katika Kiingereza cha Bradstreet kionyeshi kimoja cha mbali chaweza kutumika kwa hali zote hizo.

Katika sehemu ya kwanza ya shairi, mtunzi amelala. Anashtushwa na kelele, anatoka nje, anautazama moto ukiteketeza makao yake mpaka hawezi kutazama tena. Hapa Kiswahili hakina shida: mtu alikuwa *mle*, akatoka. Nyumba bado ina ndani.

Sehemu ya pili ndiyo inayotutatiza. Mtunzi anasimulia kwamba kila alipopita karibu na magofu alielekeza macho upande, akapatambua alipozoea kukaa na alipozoea kulala. Anataja pia mahali lilipokuwa sanduku, na mahali lilipokuwa kasha. Mfasiri aandike nini? Je, aandike "mle"? Haiwezekani, maana dari na kuta hazipo. Ngeli ya M- inadai kitu chenye ndani, na moto umeiondoa ndani yote. Je, aandike "kule"? Hiyo nayo haifai, kwa sababu mwanamke huyu anapajua kila pembe ya mahali hapo kwa dhiraa. Linabaki "pale". Nyumba imeteketea, lakini pale pangalipo. Ngeli ya PA- ndiyo iliyonusurika na moto.

Sehemu ya tatu inamwinua msomaji kuelekea nyumba nyingine, iliyo juu, iliyojengwa na msanifu mkuu, nyumba isiyoondoka. Wazo lenyewe limetoka katika Biblia (taz. 2 Wakorintho 5:1 na Waebrania 11:10). Kwa Kiswahili nyumba hiyo iko *huko*. Hatuwezi kusema "pale", kwani mtunzi hajawahi kupaona. Wala hatuwezi kusema "mle", kwani hajawahi kuingia.

Kwa hiyo safari ya shairi hili, ikisemwa kwa sarufi yetu, ni safari kutoka *mle*, kupitia *pale*, hadi *huko*. Mtunzi ananyang'anywa M-, anasimama kwenye PA-, anaahidiwa KU-. Na hapa panaonekana uzito wa ahadi hiyo. Anatakiwa abadilishe mahali anapopajua kwa kipimo cha mwili wake na mahali anapopajua kwa kuambiwa tu. Msomaji anayesema kwamba huko ni kubadilishana kwepesi hajaisikiliza lugha.

5.0 Nani anaambiwa?

Suala la pili ni la nafsi. Mtunzi anapoyatazama majivu, ghafla anaacha kusimulia kuhusu nyumba na kuanza kuiambia nyumba yenyewe. Kwa Kiswahili badiliko hilo linasikika katika kiambishi. Tukisimulia, tunasema "nyumba *i*meungua". Tukiiambia, tunasema "ewe nyumba, *u*meungua". Nyumba inatoka katika ngeli ya I-ZI na kupewa nafsi ya pili, nafsi ya kiumbe anayesikia. Inapewa heshima hiyo baada ya kufa.

Anayoiambia nyumba ni orodha ya makanusho. Hakuna mgeni atakayeketi tena chini ya dari hilo wala kula mezani. Hakuna hadithi itakayosimuliwa, hakuna mshumaa utakaowaka, wala sauti ya bwana arusi haitasikika. Wanaoijua Biblia watakumbuka maangamizi ya Yeremia 25:10, ambamo mna sauti ya bwana arusi na nuru ya taa. Bradstreet alilisha akili yake kwa vitabu hivyo. Hata hivyo, nabii anatangaza adhabu ya taifa, ilhali mama huyu anataja meza yake. Tena ukanushi una tabia moja ambayo sisi wanaisimu tunaifahamu: huwezi kukanusha jambo bila kulitaja. Kila anaposema kwamba mgeni hataketi, mgeni huketi kwanza katika akili ya msikilizaji, kisha huondolewa. Kwa njia hiyo mtunzi anaijaza nyumba watu, vyakula na mazungumzo, mmoja baada ya mwingine, katika tendo lile lile la kusema kwamba havitakuwapo.

Baada ya hapo anaukemea moyo wake. Je, mali yako ilikuwa duniani? Ulitegemea mavumbi? Nafsi ya pili iliyokuwa ya nyumba sasa imekuwa ya moyo. Wasomaji wa *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hawatashangaa, maana huko nako mshairi anauzindua moyo wake juu ya udanganyifu wa dunia, na magofu ya majumba ya matajiri wa Pate yanaletwa kuwa ushahidi. Lakini tofauti mbili zinafaa kuzingatiwa. Kwanza, katika *Al-Inkishafi* moyo unaanza kuonywa, kisha unaonyeshwa magofu. Kwa Bradstreet magofu yanatangulia na onyo linafuata. Pili, magofu ya Pate ni ya watu wengine waliokwisha kuondoka, wakati magofu ya Andover ni ya mwenye kusema. Mmoja anajifunza kwa msiba wa wenzake. Mwingine anajifunza juu ya majivu yake mwenyewe.

Kiswahili kinatuongezea jambo moja hapa. Neno "moyo" liko katika ngeli ya U-I. Nikisema "moyo umepotea", kiambishi *u-* ni cha ngeli. Nikisema "moyo, umepotea", *u-* ni cha nafsi ya pili. Umbo ni lile lile, na mkato peke yake ndio unaotenganisha kuusema moyo na kuuambia moyo. Tofauti hujitokeza tunapokanusha: "moyo *hau*kusikia", lakini "ewe moyo, *hu*kusikia". Nyumba inahitaji kubadilishiwa kiambishi ili iwe msikilizaji, moyo hauhitaji. Katika sarufi yetu moyo daima uko ukingoni mwa kuwa mtu wa pili. Labda ndiyo sababu washairi wa Kiswahili wameukemea kwa wepesi kiasi hicho. Kwa Bradstreet kazi ni ngumu zaidi: lazima aigeuze kemeo kutoka kwa nyumba aliyoipenda na kulielekeza ndani yake mwenyewe.

6.0 Yangu, yetu, na bei

Mara tu baada ya moto, mtunzi analibariki jina la Mungu aliyetoa na kutwaa, kwa roho ya Ayubu 1:21, na anakiri kwamba vyote vilikuwa vya Mungu wala si vyake. Kiswahili kinalipokea wazo hili bila ugumu, kwa sababu sisi kwa kawaida hatutumii kitenzi cha kumiliki. Tunasema "nina nyumba", yaani niko pamoja na nyumba. Kilicho pamoja nami chaweza kuondoka, nami nikabaki.

Lakini lugha yetu inamwuliza pia swali lingine. Kwa makao hatutumii nomino peke yake. Tunasema "kwangu", "kwetu", "kwao". Kwetu, kwa Mswahili, ni zaidi ya nyumba ninayolala. Ni nilikotoka. Kwa maana hiyo Bradstreet alikuwa amekwisha kupoteza *kwao* mwaka 1630. Andover palikuwa *kwake* kwa miaka ishirini tu. Aliyeunguliwa na nyumba mwaka 1666 ni mhamiaji aliyeanza upya mara kadhaa, na kila sanduku alilolitaja lilikuwa kazi ya kuanza upya.

Aidha, *kwake* huko kulikuwa kwanza *kwao* kwa wengine. Kumbukumbu za koloni za mwaka 1646 zinaonyesha kwamba ardhi ya Andover ilipatikana kwa kiongozi wa wenyeji aliyeitwa Cutshamache, kwa paundi 6 na koti moja. Shairi linazungumza kwa kirefu juu ya nyumba ya mbinguni iliyonunuliwa na kulipiwa kwa bei isiyokadirika. Juu ya bei ya ardhi iliyokuwa chini ya nyumba ya duniani halisemi neno. Simlaumu mfiwa kwa kutotaja hilo katika saa ya msiba. Nasema tu kwamba msomaji wa leo, anayeujua ukweli wa kumbukumbu hizo, hawezi kulisoma neno "bei" katika shairi hili bila kuzisikia bei zote mbili.

7.0 Je, alifarijika?

Turudi kwenye mabishano ya wahakiki. Mwaka 1966 Ann Stanford alimchambua Bradstreet kuwa mtu mwenye nafsi mbili: mshika imani na mwasi. Wengine wamelisoma shairi hili kuwa ushindi mtimilifu wa imani. Ushahidi tulioukusanya unatuelekeza wapi?

Kwanza, tuangalie mpangilio. Kukubali kunakuja mapema, moto ukiwa bado machoni. Kama kukubali huko kungetosha, shairi lingekwisha hapo. Halikwisha. Magofu yanafuata, na maombolezo, kisha kukubali kwa mara ya pili. Tena mtunzi anasema kwamba alipita magofuni mara nyingi. Kwa hiyo, ingawa anwani inabeba tarehe ya moto, utungo si wa usiku ule. Ni wa siku zilizofuata, ambazo kila moja ilikuwa na kupita kwake na kutazama kwake. Kwa Kiswahili mfasiri atahitaji "nilipokuwa nikipita", si "nilipita".

Pili, tuangalie hali ya kitenzi katika jozi ya mwisho. Shairi linamalizika kwa mtunzi kutaka asiendelee kuipenda dunia. Kiswahili kinatenganisha waziwazi "sipendi" na "nisipende". La kwanza ni taarifa. La pili ni ombi, na anayeomba ni yule ambaye jambo halijamtimilikia. Mfasiri anayeandika "sipendi tena" amempa mtunzi ushindi ambao mwenyewe hakuudai. Mfasiri anayeandika "nisipende tena" amemwacha pale alipo, mbele ya Mungu wake, akiwa na mapenzi ambayo hayajamtoka.

Tatu, tunaye shahidi mwingine, naye ni Bradstreet mwenyewe. Mwezi Machi 1664, miaka miwili na ushei kabla ya moto, alimkabidhi mwanawe Simon mkusanyo wa tafakuri fupi za nathari. Wapuritani walifundisha kwamba mwamini anaruhusiwa kuvipenda vitu vya dunia, mradi awe na moyo ulioachishwa ziwa. Katika tafakuri mojawapo Bradstreet anaeleza kwamba wako watoto wagumu kuachishwa: hata titi likipakwa kitu kichungu, ama watalifuta, ama watanyonya utamu na uchungu kwa pamoja. Akina mama wa kwetu, wanaoijua shubiri, hawahitaji kufafanuliwa. Na mama wa watoto wanane alijua alichokuwa akikisema.

Nadhani tafakuri hiyo ndiyo ufunguo bora kuliko mabishano yetu. Moto ulikuwa shubiri. Mtoto hakuifuta shubiri, yaani mtunzi hakukana kwamba Mungu ndiye aliyetwaa. Wala hakuacha kunyonya: meza, kasha, mshumaa na hadithi vimo vyote katika mishororo yake. Alimeza vyote viwili, na hakuficha.

8.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumejaribu kuonyesha kwamba vionyeshi vya *mle*, *pale* na *huko*, kiambishi *u-* cha nyumba na cha moyo, na tofauti ya taarifa na ombi, vinaweza kuangaza shairi ambalo limesomwa kwa Kiingereza tangu mwaka 1867. Kwa wanafunzi walioko hapa nina mapendekezo mawili. Mosi, msiione tafsiri kuwa kazi ya mwisho baada ya uhakiki. Ifanyeni iwe chombo cha uhakiki. Kila mahali sarufi yetu inapowalazimisha kuchagua, simameni hapo na mwulize kwa nini. Pili, mnaposoma maneno ya mtu aliyepoteza makao yake, awe wa Andover au wa kwetu, msikimbilie *huko* anakokutaja mwishoni. Simameni naye kwanza *pale*.